Kaya Moja, Mstari Mmoja

Mama wa watoto watano akifika Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, hubeba karatasi moja tu. Ndiyo karatasi ya familia: jina la mkuu wa kaya, kisha watu wake wote. Ndani ya kompyuta karatasi hiyo haipo. Kila mtu ana mstari wake, wenye namba yake na tarehe yake ya kuzaliwa. Kinachowafanya ndugu ni namba ya kaya inayojirudia kwa wote sita.

Mpango huu wa majedwali ulipendekezwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM. Mtoto akizaliwa, unaongezwa mstari. Binti akiolewa, inabadilishwa namba yake ya kaya, basi. Majina yote yangerundikwa kwenye kisanduku kimoja, kila harusi ingekuwa kazi ya kufuta na kuandika upya.

Lakini karani hasomi majedwali, anataka familia. Kwa hiyo mistari hukunjwa: kompyuta huambiwa ikusanye wenye namba moja ya kaya, kisha iyashone majina yao kwa alama ya mkato. Kwenye programu ya hifadhidata ya MySQL amri hiyo ni group_concat, kwenye ile ya PostgreSQL ni string_agg. Mwanafunzi wa kompyuta pale Mbarara huijua kwa dakika kumi. Mitego yake huchukua muda zaidi. MySQL, isipoelekezwa vingine, hukata maandishi yakifika baiti 1024: majina ya kaya yatatosha, ila rekodi za mgao wa chakula wa miaka mingi zitakatika, na ripoti itaonekana nzima.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye hesabu. Unganisha watu sita wa kaya na namba zake tatu za simu kabla ya kukunja, utapata mistari 18. Ukihesabu mistari badala ya watu, umezalisha watu hewa 12 wasiokula.

Orodha huweza kuvimba hata bila kosa la amri. Machi 2018 Uganda na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walianza kuhakiki wakimbizi kwa alama za vidole na mboni, wakianzia Oruchinga, jirani ya Nakivale. Orodha ilikuwa na watu kama milioni 1.4, hadi Oktoba walikuwa wamehakikiwa kama milioni 1.1.

Na mpangilio wa majina yaliyokunjwa je? Usipoutaja kwenye amri, kichanga anaweza kumtangulia bibi yake. Kompyuta haijui nani mkubwa nyumbani.