Vyombo Vichache vya Kuvulia Trauti

Mwezi uliopita nilipata barua kutoka kwa wanafunzi watano wa shule yetu. Wameanzisha chama kidogo cha uvuvi, na kwa muda wa mwaka mzima wamefuga kuku na kuuza mayai ili wapate fedha za vyombo. Nia yao ni kwenda kuvua trauti katika mito ya Mlima Elgon. Pamoja na barua waliniletea orodha ya vitu ambavyo wameambiwa ni lazima wanunue. Nilivihesabu, vikawa thelathini na viwili. Fedha zao hazifiki hata nusu ya orodha ile, na sasa wawili kati yao wanasema ni afadhali chama kivunjwe na kila mtu arudishiwe haki yake.

Nimeona heri niwajibu humu gazetini, maana huenda wako wengine wenye hamu hiyo hiyo, na hata wazee wenzangu tuliosoma hapo zamani. Jibu langu ni hili: msivunje chama. Fedha mlizo nazo zatosha. Lakini kwanza nitawaeleza jinsi mimi mwenyewe nilivyopotea, ili msije mkapita njia ile ile.

Nilipomaliza masomo nilivuka mpaka, nikapata kazi ya ualimu nchini Kenya, karibu na Mto Naro Moru. Mto huo huanzia juu kabisa katika Mlima Kenya, kwenye bonde la Teleki, na maji yake ni baridi kama barafu iliyoyazaa. Huko juu si mpana. Mahali pengi kijana mwepesi aweza kuuvuka kwa kurukaruka juu ya mawe. Kando yake miti na vichaka vimefungamana. Niliona watu wakivua, nikatamani. Wakati ule nilikuwa nimeweka akiba ya kununulia mabati ya jiko letu. Nikaenda mjini, na muuza duka akaniambia kwamba mvuvi wa kweli hawezi kukosa hiki wala kile. Nikarudi na ufito wa futi tisa na nusu, mshipi mzito namba 8, viatu vya mpira vya kufika kiunoni, wavu, fulana yenye mifuko kumi na minne, na sanduku la nzi wa bandia sitini. Mama watoto alitazama vitu vile, akatazama paa la jiko, asiseme neno. Afadhali angesema.

Siku ya kwanza mtoni nilipoteza nzi kumi na mmoja, wote juu ya miti. Ufito ulikuwa mrefu mno. Kila nilipourudisha nyuma ulipiga matawi. Mshipi ulianguka majini kama kamba ya ng'ombe, na samaki wote wakakimbia. Mwisho niliteleza, nikavunja ncha ya ufito. Mzee mmoja alikuwa ameketi ng'ambo akinitazama. Yeye alikuwa na ufito mfupi, na nzi watatu tu amewachomeka kwenye kofia yake, na trauti wawili kwenye majani. Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mto huu ndio uliokuagiza ulete haya yote?" Nikamjibu, "Hapana, Mzee, ni duka." Akacheka, akanipa ufito wake nijaribu. Tangu siku ile yeye ndiye mwalimu wangu, na mengi ninayoyaandika hapa nilijifunza kwake.

Basi tuanze na samaki mwenyewe. Trauti si wa asili ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1905 Mwingereza Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Scotland, na samaki wakatiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Baadaye wakaja trauti wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni Amerika ya Kaskazini. Samaki hawa hupenda maji baridi yaendayo mbio, na chakula chao kikubwa ni wadudu, wale wanaotambaa chini ya mawe na wale wanaoelea juu ya maji. Ndiyo sababu twawavua kwa nzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu.

Hapo ndipo penye shida, na ukiielewa shida hii umeelewa nusu ya kazi. Katika uvuvi wa kawaida tunafunga risasi au jiwe, na uzito wake ndio unaovuta mshipi kwenda mbali. Lakini nzi wa bandia hana uzito wowote. Huwezi kumtupa, kama usivyoweza kutupa unyoya. Kwa hiyo uzito umewekwa ndani ya mshipi wenyewe. Mkono husukuma ufito, ufito hupinda na kuurusha mshipi, nao mshipi ukijikunjua hewani humchukua nzi nyuma yake. Kwa hiyo mshipi na ufito ni lazima vipatane, kama jembe na mpini. Watengenezaji hupiga namba juu ya vyote viwili. Namba kubwa ni mshipi mzito, wa ziwani na wa mahali penye upepo. Namba ndogo ni mwepesi, wa mito midogo. Mita 9 za kwanza za mshipi namba 5 zina uzito wa gramu 9 hivi. Kwa mito ya mlimani chagueni namba 4 au namba 5.

Ufito uwe wa futi saba na nusu au nane, usizidi hapo. Zamani fito nzuri zilitengenezwa kwa vipande vya mwanzi vilivyogandishwa pamoja. Siku hizi nyingi ni za kaboni au za nyuzi za kioo. Ule wa kaboni ni mwepesi na una nguvu. Ule wa nyuzi za kioo ni wa polepole, lakini ni mgumu kuvunjika, na kwa mwanafunzi hiyo ni sifa kubwa. Usione haya kununua uliotumiwa, mradi uchungulie viungo vyake, na pete zake zisiwe na mikwaruzo ya kukata mshipi.

Rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, ndicho kitu ambacho duka litataka mkitolee fedha nyingi. Msikubali. Katika mto mdogo rili ni ghala tu la kuwekea mshipi. Trauti wa nusu kilo humvuta kwa mkono. Nunueni rili nyepesi, ya kawaida kabisa, isiyo na kutu.

Fedha yenu itumieni kwenye mshipi. Chukueni wa kuelea, na mwombeni muuzaji ule uliochongoka ncha zote mbili. Mshipi wa namna hiyo una urefu wa mita 27 hivi, na ncha zake mbili ni sawasawa. Katika mito yetu hakuna haja ya kurusha zaidi ya mita 10. Basi ukatwe katikati! Nusu moja iingie katika rili hii, nusu nyingine katika rili ile, na nyuma ya kila nusu fungeni uzi wa kawaida wenye nguvu, hatua ishirini au thelathini, kwa ajili ya samaki mkubwa atakayekimbia. Kwa bei ya mshipi mmoja mmepata miwili. Hesabu hii peke yake yaweza kukiokoa chama chenu.

Mbele ya mshipi hufungwa uzi wa nailoni usioonekana na samaki. Uwe mnene unapoanzia na mwembamba mwishoni, ili nguvu ya mshipi ipungue taratibu na nzi atue bila kishindo. Madukani huuzwa tayari, lakini wenyewe mwaweza kuutengeneza kwa nailoni za namna nne: mita moja yenye unene wa milimita 0.45, nusu mita ya 0.35, sentimita 30 za 0.25, na mwisho nusu mita ya 0.18. Wote pamoja ni mita mbili na sentimita thelathini. Kuunga nyuzi mbili, zilaze sambamba, zungusha kila moja juu ya mwenzake mara tano, pitisha ncha zote katikati, lowesha kwa mate, kisha vuta polepole. Usiposahau mate, fundo halitakusaliti.

Sasa nzi. Wako wa namna mamia kwa mamia, na kila mvuvi husifu wake. Mimi nawaambia watatu. Wa kwanza ni yule anayeitwa Kenya Bug, mweusi, wa kuzama. Huyu ndiye askari wetu, afanyaye kazi karibu siku zote. Wa pili ni Hare's Ear, aliyetengenezwa kwa manyoya ya sikio la sungura, mfano wa mdudu mchanga atokaye chini ya mawe. Wa tatu ni Coachman mwenye mabawa meupe, aliyefungwa kwa namna ya kuelea. Huyo ni wa saa zile mnapoona samaki wakipasua uso wa maji. Katika ndoana, namba ikiwa kubwa ndoana ni ndogo. Chukueni namba 12, wanne wanne kwa kila namna, na kila ndoana ibonyezeni kile kijino chake kwa koleo ili itoke upesi katika mdomo wa samaki, au katika sikio lako. Tena jueni kwamba nzi wengi wanaotumiwa na wavuvi wa Ulaya na Marekani hufungwa na mikono ya watu wa Kenya, hasa wanawake. Kazi hii yaweza kujifunzwa. Manyoya ya shingo ya jogoo ndiyo hufanya ndevu za nzi, na kuku ninyi mnao.

Vitu vingine vyote vyaingia katika mfuko wa shati: mkasi mdogo au kikata kucha, koleo ndogo, na kibati cha kuwekea nzi. Kofia na miwani si anasa, kwa sababu ndoana ikipita hewani haichagui jicho. Viatu vya mpira vya kiunoni acheni. Viatu vya raba vilivyochakaa vyatosha, na mahali maji yanapopita magoti si mahali penu. Wavu acheni, lowesheni mikono kabla ya kumshika samaki, maana mkono mkavu humwondolea ute unaomkinga na maradhi. Fulana ya mifuko mingi, mimi sasa huivaa nikipogoa miti.

Kwa hiyo hesabu yenu ni hii: fito mbili za bei nafuu, rili mbili, mshipi mmoja uliokatwa, nailoni za namna nne, nzi kumi na wawili, mkasi, na koleo. Ninyi ni watano na fito ni mbili. Msinung'unike. Wawili wavue na wengine wachungulie maji, maana trauti hukaa akielekeza kichwa kwenye mkondo, na mtu akitoka nyuma yake kwa kunyata, akipanda na mto, anaweza kumwona kabla hajaonekana. Aliyeona amwonyeshe mwenzake. Nimejifunza zaidi nikitazama kuliko nikirusha.

Kabla ya safari, jizoezeni kwenye uwanja wa mpira kwa kufunga kipande cha uzi wa sufu badala ya ndoana. Fikirini uso wa saa kubwa uko kando yenu: ufito usimame mbele kwenye namba 10, na nyuma usipite namba 1. Ukiufikisha namba 3, mshipi utalala kwenye majani nyuma yako. Nusu saa kila jioni kwa majuma matatu itawafaa kuliko ufito wa bei kubwa mara tatu.

Mambo mawili ya mwisho. Ulizeni leseni na sheria za mto kabla ya kutia ndoana majini, na msiende msituni bila mtu anayejua njia za tembo na nyati. Tena wakati wa kiangazi, maji yakipungua na kupata joto, waacheni trauti wapumzike. Huku kwetu maji mengi huchotwa kwa mashamba, na mto wangu hupungua sana miezi hiyo. Hapo hukaa kando yake bila ufito.

Ule ufito wangu mkubwa niliutengeneza ncha, nikauuza kwa bwana mmoja avuaye bwawani, ambako hasa ndiko ulikotakiwa kuwa. Fedha zake zilinunua mabati matano, na mengine yakaja baadaye. Mtaka yote hukosa yote. Mimi nilikosa samaki na paa kwa siku moja. Ninyi mna kuku, mna mito, na mna miguu. Nendeni mkautazame mto kwanza, kisha ndipo mwende dukani.