Kutoa Shauri kwa Kiingereza: Vitenzi Visaidizi na Kitenzi-jina

Mwanafunzi wa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani mara nyingi hukifikia Kiingereza kwa njia ya Kifaransa, hali Kiswahili ndicho lugha azungumzayo kila siku. Katika kutoa shauri, lugha hizi tatu haziendi sambamba. Makosa yatokeayo hapo si ya sarufi tu. Yaweza kuligeuza shauri la heshima likawa amri.

1. Umbo

Katika Kiswahili sanifu, shauri hubebwa hasa na kitenzi kiishiacho kwa -e: «afadhali upumzike», «yafaa upumzike». Kiambishi u- humtaja mtendaji ndani ya kitenzi chenyewe. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Hutumia kitenzi kisaidizi kifuatwacho na kitenzi-jina. Ugumu wake umo katika neno dogo «to». Baada ya «should» na «had better» neno hilo halitumiki: «You should rest», «You had better rest». Baada ya «ought» huhitajika: «You ought to rest». Kitenzi «advise» hudai kwanza atajwe ashauriwaye, ndipo lifuate «to»: «I advise you to rest». Lakini «suggest», ingawa maana yake i karibu, hakiukubali mpango huo. Husemwa «I suggest that you rest».

Katika ukanushi, mahali pa «not» hubadilika: «You should not go», «You had better not go», «I advise you not to go». Kiswahili hutosheka na «usiende».

2. Uzito

Kifaransa hutumia kitenzi kimoja, «devoir»: «tu dois» huagiza, «tu devrais» hushauri. Mwanafunzi aliyekariri kwamba «devoir» ni «must» aweza kumwambia mhadhiri mgeni «You must change the date», naye alikusudia tu kusema «ingefaa ubadilishe tarehe». Mgeni husikia agizo.

Kiambishi -nge- cha Kiswahili, kama «devrais», hulainisha neno kwa kuliondoa katika uhalisi na kuliweka katika dhana. Kiingereza hufanya hivyo kwa maumbo ya wakati uliopita: «should» kwa asili ni wakati uliopita wa «shall», na «ought» ni umbo la kale la «owe», yaani kudaiwa. Hata hivyo, katika shauri maumbo hayo hayasimulii jambo lililopita.

«Had better» ndicho chenye hatari zaidi. Kwa kuwa «better» hufasiriwa «afadhali», hudhaniwa kuwa ni neno la upole. Kumbe hubeba onyo: usipofuata, utapatwa na madhara. Hufaa baina ya marafiki au kwa mkubwa amwonyaye mdogo. Kwa mzee au mwalimu huwa ukali.

3. Njia ya adabu

Panapohitajika heshima, kitenzi-jina husaidia zaidi kuliko kitenzi kisaidizi kielekezwacho kwa mtu. «It would be better to wait» hulingana na «ingekuwa bora kungoja». Katika sentensi hizo mtendaji hatajwi, hivyo hakuna aamriwaye. Msikiaji huachiwa kujitambua mwenyewe. Hapo Kiswahili na Kiingereza hukutana, na mwanafunzi aweza kuitegemea adabu ya lugha yake bila kupotoka.