Kijana wako anapopanda mlima



Kila zinapofika likizo za Juni na Desemba, vijana wengi huaga nyumbani wakielekea milimani. Wapo wanaokwenda kutembea na shule au madrasa zao, kuanzia Uluguru na Usambara hadi Meru na Kilimanjaro. Wapo pia, hasa katika kaya za Moshi na Arusha, wanaokwenda kutafuta riziki kwa kubeba mizigo ya watalii. Mzazi humwombea dua, humpa nauli na sweta moja, basi. Nyumba nyingi hazijui mlima unaufanyia nini mwili wa binadamu, wala hazijui nani atamtafuta kijana akipotea au akianguka. Mambo haya mawili hayatenganishiki, kwani anayekwenda kuokoa naye hupanda mlima uleule, kwa mapafu kama yale ya anayeokolewa.

Tuanze na tukio la Mlima Kenya. Mwezi Septemba mwaka 1970, madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walifika Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huo (mita 5,199). Walipoanza kuteremka, mwamba ulibanduka, Judmaier akaanguka na kuvunjika mguu, mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Mwenzake alimhudumia kadiri alivyoweza, kisha akateremka peke yake kutafuta msaada. Waliopanda kwenda kumsaidia majeruhi walikuwa watu wa Mountain Club of Kenya, watu wenye ajira na familia zao, wasiolipwa chochote kwa kazi hiyo. Rubani wa Kimarekani, Jim Hastings, alijaribu kusaidia kwa helikopta. Ikaanguka naye akafariki. Baba yake Judmaier akaomba msaada kwao, na kikosi cha waokoaji kikaruka kutoka Innsbruck hadi Kenya. Zaidi ya wiki moja ilipita kabla ya majeruhi kufikishwa chini. Aliishi.

Hebu fikiria: madaktari wawili, mahali panapojulikana, msaada umeitwa, na bado ikachukua zaidi ya wiki. Huko juu hakuna gari la wagonjwa linalofika baada ya nusu saa. Yule Oelz, kwa njia, aliendelea kuwa miongoni mwa watafiti wakubwa wa maradhi ya mwinuko. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, yeye na wenzake walionyesha kwamba nifedipine, dawa ambayo wazee wetu wengi wanaijua kwa shinikizo la damu, inasaidia dhidi ya maji kujaa kwenye mapafu mlimani.

Maradhi hayo ya mwinuko ni yapi? Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Katika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Dar es Salaam au Mombasa. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku, siyo masaa. Kuanzia kama mita 2,500 mtu anaweza kuumwa kichwa, kukosa hamu ya kula, kutapika, kuchoka kupita kiasi na kukosa usingizi. Wengi hudhani kijana mwenye nguvu hapatwi. Si kweli. Mcheza mpira hodari anaweza kulala chini hoi huku mama wa miaka 50 aendaye taratibu akipita. Tena mwenye nguvu yuko hatarini zaidi kwa kuwa anakimbilia juu na anaona aibu kusema kichwa kinauma. Waongozaji wa Kilimanjaro wanaposema "pole pole" kila dakika, hawatanii. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza.

Kanuni inayofuatwa na wataalamu ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala usiku pasizidi palipotangulia kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Kichwa kikiuma, usipande zaidi mpaka kitulie. Kikizidi, teremka.

Hapa nataka mzazi na kijana wasome taratibu. Zipo dalili mbili za hatari ambazo hazisubiri asubuhi. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anayumba kama mlevi, anaongea mambo yasiyoeleweka, anashindwa kuvaa viatu vyake. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, usibishane naye, maana yeye atasema yu mzima. Ya pili ni maji kwenye mapafu: anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, pengine anatoa povu lenye rangi ya damu, na midomo inabadilika rangi. Tiba ya yote mawili ni moja kabla ya nyingine zote: kumteremsha mara moja, hata kama ni usiku, na asiachwe peke yake. Oksijeni na dawa zinasaidia, lakini zisiwe sababu ya kubaki juu. Ipo pia dawa ya kinga, acetazolamide, ambayo huuzwa kwa jina la Diamox. Isinunuliwe kienyeji dukani; mwenye mzio wa dawa za salfa amweleze daktari kwanza.

Adui wa pili ni baridi, na huyu anatudanganya sana sisi wa pwani. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa nyuzi kama 6. Ongeza mvua na upepo, na utaelewa kwa nini mtu anaweza kufa kwa baridi karibu kabisa na Ikweta, mahali ambapo hata barafu haipo. Joto la mwili ni nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, hatari imeanza. Kwanza anatetemeka. Kisha anajikwaa, anaangusha vitu, ulimi unakuwa mzito. Halafu kutetemeka kunakoma, na wenzake wanasema "Alhamdulillah, ametulia". La hasha! Kutetemeka ndio moto wa mwili. Ukizimika bila mtu kupashwa joto, hali imekuwa mbaya zaidi.

Mtoe kwenye upepo. Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, na usisahau kumtandikia kitu kinene chini, kwa sababu ardhi hunyonya joto kuliko hewa. Mfunike na kichwa. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe kinywaji cha moto chenye sukari nyingi. Usimsugue mikono na miguu, usimweke karibu sana na moto, usimtingishe ovyo; moyo uliopoa unaweza kusimama kwa mshtuko mdogo tu. Kuhusu nguo, fulana na suruali za pamba ni nzuri Tanga au Lamu, lakini zikilowa mlimani zinashika maji na kukunyang'anya joto. Sufu na nguo za polista zinafaa zaidi, na sweta nzuri ya sufu inapatikana mitumbani kwa bei ya sahani chache za chakula.

Kuna jambo linalotuhusu kwa namna ya pekee, kwani sisi ni watu wa kuharakisha maziko. Mtu aliyepoa sana anaweza kuonekana maiti: baridi, mkakamavu, mapigo ya moyo hayashikiki, pumzi haionekani. Mwaka 1999 huko Norway, daktari mmoja, Anna Bågenholm, alitumbukia kwenye kijito chini ya barafu, na joto la mwili wake likashuka hadi nyuzi 13.7. Moyo ulikuwa umesimama. Madaktari wakampasha joto taratibu, akapona na kurudi kazini. Si kila mmoja atapona hivyo, lakini ndiyo maana waganga wa milimani wana msemo kwamba mtu si maiti mpaka awe maiti mwenye joto. Basi aliyetolewa kwenye baridi apelekwe hospitali, daktari ndiye athibitishe. Haraka ya sanda ije baada ya hapo.

Usafi nao una taabu zake. Maji ya kijito cha mlimani yanang'aa, lakini juu yake kuna kambi na mamia ya watu. Yachemshwe. Mlimani maji huchemka yakiwa hayajafikia nyuzi 100, kwa hiyo juu ya mita 2,000 yaache yatokote dakika tatu nzima badala ya moja. Pasipo choo, haja ifanyike mbali na maji, hatua zisizopungua 80, katika shimo lenye kina cha shibiri moja kasoro, kisha lifukiwe. Kuhara tu kunatosha kumkausha mtu maji na kumfanya asiweze kushuka kwa miguu yake. Ama udhu katika baridi kali, dini haikututaka tujidhuru: msafiri ana rukhsa ya kupaka maji juu ya khufu kwa siku tatu na masiku yake, na anayehofia madhara ya maji ana tayamamu. Kijana amuulize ustadhi wake masharti yake kabla ya safari. Kukaa na soksi zilizolowa kwenye baridi ya Horombo siyo ucha Mungu.

Kwa wapagazi nina neno zaidi. Mgeni analala kwenye begi la kulalia la maelfu ya fedha, na aliyembebea hilo begi anatetemeka kwa shuka na raba zilizotoboka. Hili halikubaliki. Kanuni ya hifadhi ni mzigo usiozidi kilo 20. Pale Moshi, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ulioanzishwa mwaka 2003, huwaazima nguo za mlimani bila malipo. Mama, kabla hujamruhusu mwanao apande, kagua mfuko wake. Kama hana koti la mvua na nguo kavu za kulalia, akaazime kwanza.

Sasa kuhusu kutafutana. Kilimanjaro ina askari wa hifadhi, na vijana wenye machela ya gurudumu moja ambao wameteremsha wagonjwa wengi kwa jasho lao. Lakini kwenye vilima vingi vya kwetu mwokoaji ni mwanakijiji mwenye tochi. Huko Uingereza kazi hii yote, kuanzia kutafuta hadi kubeba machela, inafanywa na watu wa kujitolea wasiomtoza aliyeokolewa hata senti, na wanaitwa kupitia polisi. Nasi moyo wa kujitolea tunao tele. Tunachokosa mara nyingi ni utaratibu. Wanaume 40 wakiingia msituni kwa kelele, kila mmoja na njia yake, wanafuta nyayo za mpotevu, na jioni ni watatu wanaotafutwa badala ya mmoja. Aanze mtu mmoja kuandika: nani ameingia, saa ngapi, upande gani. Mahali mpotevu alipoonekana mara ya mwisho palindwe pasikanyagwe. Waende wawili wawili, na kila baada ya kuita wanyamaze wasikilize.

Mtoto naye afundishwe jambo moja tu: ukijua umepotea, simama. Mwaka 1981, huko California, mtoto wa miaka tisa alipotea mlimani, na alipopatikana alikuwa amekwisha fariki. Waliomtafuta wakaanzisha mafunzo ya kuwaambia watoto wakumbatie mti na kubaki hapo, wasiogope kuitikia wanapoitwa na watu wasiowajua. Katika mafunzo hayo mzazi huwekewa pia hila rahisi: mtoto akanyage kwa kiatu chake karatasi ya foili ya jikoni iliyowekwa juu ya taulo, na alama ya soli ihifadhiwe, ili watafutaji wajue nyayo zake. Mpe na filimbi. Sauti ya kuita hukauka upesi, filimbi haikauki. Milio sita kwa dakika moja, kisha kimya dakika moja, kisha tena, ni ishara ya msaada inayojulikana milimani tangu karne ya 19. Jibu lake ni milio mitatu.

Simu ibebwe mfuko wa ndani karibu na mwili, maana baridi inaua betri. Pasipo mtandao wa kutosha kupiga, jaribu ujumbe mfupi, mara nyingine hupenya.

Na kabla ya kutoka mlangoni, karatasi moja ibaki nyumbani: wanakwenda njia ipi, wako wangapi na ni akina nani, wamevaa rangi gani, nani ana pumu au kisukari, na saa ngapi watakuwa wamerudi. Saa hiyo ikipita na simu hazipatikani, usisubiri kuche. Tanzania piga 112 kwa polisi au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Kenya ni 999 au 112. Karatasi uwe nayo mkononi unapopiga, kwa sababu hayo ndiyo maswali ya kwanza utakayoulizwa.