Mama, Kitabu cha Hadithi na Daftari

Ukurasa wa afya kwa kawaida huzungumzia malaria, lishe na chanjo. Safari hii tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine wataona halihusiani na afya hata kidogo: mama mwenye watoto, shamba na jiko kusoma hadithi za kubuni, na baadaye yeye mwenyewe kushika kalamu.

Sisemi vitabu vya shule. Nasema hadithi za upelelezi, za mapenzi, za mazimwi na safari za mbali, zile ambazo mama akionekana nazo mkononi huulizwa, "Leo huna kazi?" Hapa kwetu Songea mama huamka kabla hakujapambazuka. Mvua za Desemba zikianza, yuko shambani na mtoto mgongoni, na akirudi ndipo kuni, maji na ugali vinamngoja. Baba akisikiliza mpira redioni dakika tisini, tunasema anapumzika. Mama akikaa na kitabu robo saa, tunasema ni mvivu. Kwa miaka yote niliyofanya kazi wodini na kliniki ya mama na mtoto, sijaona kwamba mwili wa mama umeumbwa kwa namna ya kuhitaji mapumziko machache zaidi.

Akili nayo huchoka, na uchovu wake hausemwi. Mama huja akilalamika kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio. Ukimpima, damu ni ya kutosha, malaria hakuna. Ukikaa naye kidogo ndipo machozi hutoka. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la akili baada ya kujifungua, hasa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Hili si jambo la wazungu wala la akina mama wa mjini.

Hadithi nzuri humtoa mtu mahali alipo bila kumhamisha. Kwa muda mfupi mama anamfuata mpelelezi, si deni la dukani. Wengine husema huko ni kukimbia matatizo. Mimi naona ni sawa na kutua ndoo njiani: maji bado ni yako na utaibeba tena, ila shingo imepumzika. Nakubali kwamba vitabu vingine ni vya ovyo, na mama anayesoma mpaka mtoto analala njaa amepita kiasi. Lakini hao ni wachache mno kuliko tunavyowasingizia.

Jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba msomaji wa namna hii mara nyingi hufika mahali akasema, "Hata mimi ningeweza." Mfano tunao katika fani yetu ya uuguzi. Grace Ogot alizaliwa mwaka 1930 huko Nyanza, Kenya. Alisomea uuguzi Uganda, kuanzia 1949 hadi 1953, akaenda kufanya kazi Uingereza, kisha akarudi kuhudumu katika hospitali ya misheni ya Maseno. Aliolewa mwaka 1959, akazaa watoto wanne. Utotoni alikuwa amesikia kwa bibi yake hadithi ya binti wa mtemi anayetolewa kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Ni hadithi ya kutisha kweli, ya kumfanya mtoto ajifunike shuka. Hiyo ndiyo aliyoiandika, ikachapishwa mwaka 1963. Mwaka 1966 ilitoka riwaya yake ya kwanza, inayosimulia familia ya Kijaluo iliyohamia huku Tanganyika na mume akashikwa na ugonjwa usioeleweka. Kati ya hadithi zake fupi za mwaka 1968, moja inahusu wauguzi wa hospitali ya misheni wanaogoma kwa sababu ya kubebeshwa vyombo vya haja vya wagonjwa. Aliyewahi kufanya kazi wodini ataicheka na kuielewa! Baadaye akawa mbunge na waziri msaidizi. Alifariki mwaka 2015.

Mwingine ni Agatha Christie wa Uingereza. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliuguza majeruhi, kisha akafanya kazi chumba cha dawa, ambako alijifunza habari za sumu. Alikuwa mpenzi wa hadithi za Sherlock Holmes. Akaanza kuandika yake, ikatoka mwaka 1920, wakati tayari ana mtoto mchanga. Hadithi hizo hizo za Holmes zilimwamsha pia Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, akatupatia Bwana Msa katika "Mzimu wa Watu wa Kale" mwaka 1960.

Je, kuandika kunaleta afya? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, huko Texas, Marekani, mtaalamu James Pennebaker na mwenzake waliwaomba wanafunzi waandike dakika 15 kila siku, kwa siku nne. Walioandika mambo yaliyowaumiza, pamoja na hisia zao, walikwenda zahanati mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Lakini mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Kwa hiyo mama mwenye jeraha bichi moyoni asianze na jeraha hilo. Aanze na sungura na fisi, au na mpelelezi anayeshuka kwenye basi stendi ya Songea usiku wa manane. Uchungu ukitaka kuingia katika hadithi, utaingia wenyewe kwa mlango wa nyuma.

Daftari moja na kalamu vinatosha. Wakati maharage yanachemka ni wakati mzuri, mradi baba au mtoto mkubwa amshike mdogo. Usiku tumieni taa ya sola. Msisome kitandani kwa koroboi. Moshi wake unaumiza macho na kifua, na chandarua hushika moto haraka sana.

Lakini huzuni ikizidi wiki mbili, au mama hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala, asitegemee daftari. Afike kituo cha afya. Akiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake, aletwe siku hiyo hiyo.

Nanyi akina baba, daftari hilo ni la mama. Msilisome mpaka awakaribishe.