Ekografia ya ini: Picha safi si ushahidi kwamba mtoto hana kichocho

MZAZI aliyerejea kutoka Kigoma huiita ultrasaundi. Aliyekaa Bujumbura au Uvira huiita ekografia. Mashine ni ile ile, na siku hizi si ajabu kumsikia mama wa hapa Rumonge akisema anampeleka mwanawe mwenye tumbo kubwa "kupigwa picha ya ini".

Hiyo ni hatua njema. Wapo watoto ambao, tumbo likivimba upande wa kushoto, walipelekwa kwanza kwa mganga wakachanjwa chale kwa wembe ili eti bandama lipungue. Bandama halikupungua, na kidonda kikaongeza ugonjwa mwingine.

Hata hivyo, hapa kijijini wengi tuliorejea kutoka Tanzania tulisoma kwa Kiswahili, ilhali karatasi za hospitali huandikwa kwa Kifaransa. Kwa sababu hiyo wazazi huniletea majibu niwasomee, na nimegundua kwamba ugumu si lugha peke yake. Mama mmoja aliposikia neno "kawaida" kwenye karatasi ya binti yake, alifurahi akasema sasa hakuna haja ya vidonge vya kichocho. Baba mwingine, aliposikia kwamba ini la mtoto wake lina makovu, alikaa kimya kisha akaniuliza kama aanze kutafuta pesa za mazishi.

Wote wawili walikuwa wameielewa picha visivyo. Je, mashine hii inaona nini hasa ndani ya ini la mtoto?

Kichocho na ini

Ugonjwa unaoharibu maini ya watoto wengi wa maeneo ya maziwa ni kichocho cha tumbo. Kuwapo kwake katika nchi yetu si habari mpya. Katika miaka ya 1980 daktari wa Ubelgiji, Bruno Gryseels, aliuchunguza kwa kina nchini Burundi, likiwamo bonde la Rusizi na eneo la Ziwa Cohoha.

Konokono wadogo wa majini hutoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupenya ngozi ya mtu anayeoga, kufua au kuchota maji. Baada ya wiki tano hadi saba vinakuwa minyoo kamili inayoishi ndani ya mishipa ya damu ya utumbo. Jike mmoja hutaga mayai kati ya 100 na 300 kwa siku. Baadhi hutoka na choo, lakini mengine husukumwa na damu hadi kwenye ini na kunasa humo.

Kinacholeta madhara ni hayo mayai. Mwili huyazungushia uvimbe, kisha kovu, na makovu hufuata mshipa mkubwa unaoingiza damu ndani ya ini pamoja na matawi yake. Mwaka 1904 daktari Symmers, aliyekuwa Misri, aliona kwamba ini la mgonjwa likikatwa, mishipa hiyo yenye makovu hufanana na mirija ya kiko cha udongo. Damu ikikosa njia hurudi nyuma, bandama huvimba, na mishipa ya koo la chakula hutanuka. Ikipasuka, mgonjwa hutapika damu.

Mashine inaona nini

Zamani njia ya kuthibitisha makovu hayo ilikuwa kuchoma sindano na kuchukua kipande cha ini. Ekografia imeondoa mateso hayo. Mtoto hulala chali, hupakwa mafuta mazito ya baridi tumboni, na mtaalamu hupitisha kifaa juu ya ngozi. Kifaa hutuma sauti ambazo sikio haliwezi kuzisikia, zikagonga viungo na kurudi kama mwangwi. Mwangwi huo ndio unaochora picha. Hakuna sindano, hakuna maumivu, wala hakuna miale kama ya eksirei.

Ini zima huonekana la kijivu na laini. Penye makovu, kuta za mishipa huonekana nene na nyeupe. Mtaalamu hupima pia upana wa mshipa mkubwa wa ini, ukubwa wa sehemu ya kushoto ya ini, na bandama. Kwa mtoto vipimo hivi hulinganishwa na urefu wake, maana mshipa ulio wa kawaida kwa kijana wa miaka 16 unaweza kuwa mpana mno kwa mtoto wa miaka 6.

Ili madaktari wa nchi mbalimbali wasome picha kwa namna moja, wataalamu walikutana Niamey, Niger, mwaka 1996, na mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani (WHO) likachapisha mwongozo wao. Picha hupewa herufi. A ni ini lisilo na dalili. B ni vidoadoa kama nyota angani, ambavyo bado si ushahidi wa kutosha. C hadi F ni makovu yanayozidi kuwa makubwa. Mzazi akiona herufi hizo kwenye karatasi ya mtoto, aombe aelezwe.

Ipo pia mashine inayopima ugumu wa ini kwa kulitikisa kidogo. Iliyo maarufu ni FibroScan, iliyobuniwa Ufaransa. Inasaidia sana kwa homa ya ini aina ya B na C. Kwa kichocho inaweza kudanganya, kwa sababu makovu hufuata mishipa huku nyama iliyo katikati ikibaki laini.

"Kawaida" maana yake nini?

Hapa ndipo mama yule alipohitaji maelezo. Ekografia huona makovu, haioni minyoo wala mayai. Makovu huchukua miaka kujengeka. Mtoto anaweza kuwa na minyoo hai leo, inayotaga kila siku, na picha yake ikawa A.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza si picha bali ni choo. Maabara hupaka choo kidogo kwenye kioo na kutafuta mayai kwa darubini. Kwa kuwa mayai hayatoki kwa idadi sawa kila siku, ni vizuri kupima choo cha siku zaidi ya moja. Kipo pia kipimo cha mkojo cha kuangalia mstari, ambacho huweza kugundua minyoo pale darubini inapokosa mayai.

Ni gharama nafuu kuliko picha. Inasikitisha kuona mzazi ameuza debe la mawese kulipia ekografia, na choo cha mtoto hakijapimwa.

Aidha, si kila tumbo kubwa ni kichocho. Malaria ya mara kwa mara nayo huvimbisha bandama, na utapiamlo huvimbisha tumbo. Daktari ndiye wa kutenganisha.

Makovu si hukumu ya kifo

Kwa baba yule, jibu ni jingine. Ini la mtoto lina uwezo mkubwa wa kujirekebisha. Mwaka 1991 watafiti waliofanya kazi eneo la Gezira, Sudan, walichapisha matokeo ya ekografia yaliyoonyesha kwamba baada ya tiba ya kila mwaka, makovu ya baadhi ya wagonjwa yalipungua. Mtoto akitibiwa mapema, matumaini ni makubwa zaidi.

Dawa yenyewe ni prazikwanteli. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na humezwa baada ya kula ili kupunguza kichefuchefu. Inaua minyoo mikubwa lakini haiui ile michanga, ndiyo maana hurudiwa. Mwaka 2022 WHO ilishauri tiba katika maeneo yaliyoathirika ianzie umri wa miaka 2, badala ya kusubiri umri wa shule.

Wazazi wazingatie jambo moja: vidonge vya minyoo vinavyouzwa madukani, kama mebendazoli na albendazoli, haviui kichocho. Anayempa mtoto vidonge hivyo kila baada ya miezi mitatu akidhani amemkinga anajidanganya.

Kwa wanaovuka mpaka

Wenzetu wanaopeleka mawese na kurudi na bidhaa kutoka Kigoma au Uvira wana tatizo lao. Siku ya vidonge inatangazwa shuleni, mtoto yuko sokoni na mama yake ng'ambo. Darasani kwangu viti vya watoto hao huwa vitupu siku hiyo. Akirudi, zoezi limekwisha. Mzazi wa namna hiyo asikae kusubiri mwaka mwingine, bali aende kituo cha afya aulize.

Vilevile, karatasi ya ekografia isiachwe ng'ambo wala isifungiwe karanga. Ihifadhiwe pamoja na kadi ya chanjo, ikiwa na tarehe na urefu wa mtoto siku hiyo. Daktari wa upande wa pili wa ziwa atahitaji kulinganisha picha ya zamani na mpya, na bila ya zamani hawezi kujua kama kovu linapungua au linakua.

Mtoto akitapika damu, au akitoa choo cheusi kama lami, hilo si la kusubiri picha wala siku ya soko. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Mwisho, dawa bila maji salama ni kufagia huku upepo ukivuma. Choo kitumike, watoto wasijisaidie mtoni, na maji ya kuogea yaliyotoka mtoni au ziwani yakae kwenye chombo kilichofunikwa siku mbili kabla ya kutumiwa, maana vijidudu vile huwa vimekufa. Mashine itatuonyesha kovu lilipo, lakini kulizuia lisijengeke ni kazi inayoanzia nyumbani na mtoni.

Mwandishi ni mwalimu wa shule ya msingi, Rumonge.