Goti la mutoto likivimba, tusitafute mulozi

Ndugu wafanyakazi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, sisi wa sendika tumezoea kusema juu ya mishahara na ajali za kazi. Leo tunasema juu ya viungo vya watoto wetu.

Wazazi wengi wanatuuliza: mbona mutoto wa miaka 3 anaamuka asubuhi anachechemea, kisha muchana anacheza? Mujirani anasema ameanguka. Bibi anasema ni ulozi. Lakini inaweza kuwa artriti ya watoto, ile waganga wanaandika AJI. Inaanza mbele ya miaka 16, na kiungo kinabaki kimevimba kwa majuma 6 ao zaidi. Chanzo chake hakijajulikana, na haiambukize.

Inakuja kwa namna mbalimbali. Moja inashika viungo 1 mpaka 4, zaidi sana goti, na zaidi watoto wadogo wa kike. Hiyo inaweza kuingia mu macho bila jicho kuwa jekundu wala kuuma, mutoto akapofuka polepole. Kwa hiyo munganga wa macho amupime kila miezi michache, hata kama halalamike. Ingine inashika viungo 5 na zaidi, hata vidole. Ingine inaleta homa ya kila siku, majuma 2 na zaidi, na madoa mekundu ku ngozi. Hapo watu wanarudilia dawa ya malaria bure.

Hakuna kipimo kimoja cha damu cha kumaliza maneno. Munganga anapaswa kwanza kuhakikisha kama si SS, kifua kikuu cha mifupa, usaha ndani ya kiungo ao kansa ya damu. Kiungo kikiwa cha moto na mutoto ana homa kali, mumupeleke siku ileile.

Dawa iko. Metotreksati inapewa mara 1 tu kwa juma. Kuipewa kila siku inaweza kuua. Bila matunzo, kiungo kinakauka kimepinda, ao muguu moja unarefuka kupita mwengine.

Code ya kazi ya 2002 inamulazimisha mwajiri kutunza afya ya mufanyakazi na ya familia yake. Lakini kampuni moja ilitujibu kwamba dawa ya namna hii haiko ku liste yake. Hatukubali. Mutoto wa muchimbaji si deni la babake peke yake.

Musiuze redio wala kiwanja kimyakimya. Muombe munganga aandike jina la ugonjwa na la dawa, mubakie na kopi, mupelekee delege wenu. Karatasi iliyoandikwa ndiyo tunaweza kuweka ku meza ya mukubwa wa kampuni.