Mzee wa Lubumbashi mwenye majina mawili: Mobutu alivyoingia hadi kwenye vyeti vya watu

Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mzee mmoja kutoka Lubumbashi amemaliza kununua vitenge, anasubiri mzigo ufungwe. Kijana wa dukani anaandika risiti, anamuuliza jina. Mzee anataja moja, halafu anasema ngoja, andika lile la kwenye pasi.

"Kwani mzee wangu una majina mangapi?"

Ulikuwa utani tu. Lakini hao wawili, ambao hawakuwahi kuonana kabla, waliishia benchi la muuza kahawa kwa karibu saa nzima.

Ukifanya biashara na Wakongo wa umri huo, utakutana na hili. Chanzo chake ni amri ya serikali.

Mobutu alichukua nchi kwa mapinduzi Novemba 24, 1965. Oktoba 1971 akaibadili jina, Kongo ikawa Zaire. Mwaka 1972 ikafika zamu ya watu: majina ya Kikristo marufuku, chukua la Kiafrika. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishiwa jela miaka 5. Kardinali Joseph Malula alipinga, akaishia uhamishoni Roma kwa muda.

Mzee alikuwa mwanafunzi wakati huo. Anasema baba yake aliendelea kumwita jina la ubatizo nyumbani, ila kwa sauti ya chini na mlango ukiwa umefungwa.

Suti na tai nazo zikapigwa marufuku, wanaume wakavaa abacost, koti linalofanana kidogo na suti ya Kaunda. Bwana na bibi wakawa "citoyen" na "citoyenne", yaani raia. Kila Mzaire alihesabiwa mwanachama wa MPR, chama pekee, tangu kuzaliwa. Taarifa ya habari kwenye runinga ilianza na sura ya Mobutu ikishuka kutoka mawinguni.

Kijana akauliza swali la haki kabisa: ubaya uko wapi? Majina ya Kiafrika si mazuri?

"Jina ni muzuri," mzee akajibu. "Lakini mimi sikulichagua. Na hiyo swali yako, kule hakuna mutu aliuliza."

Kwa nini hakuna aliyeuliza? Juni 1966, miezi michache tu baada ya mapinduzi, waziri mkuu wa zamani Évariste Kimba na mawaziri wa zamani watatu walinyongwa hadharani Kinshasa, mbele ya umati mkubwa. Baada ya kuona hivyo, nani angebishana juu ya jina?

Aprili 24, 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, tai zikarudi. Mei 17, 1997 akang'olewa na majeshi ya Laurent Kabila, ambaye aliwahi kuishi miaka mingi hapa hapa Dar. Septemba mwaka huo akafia Morocco.

Watu wengi walirudia majina yao. Makaratasi ndiyo yaligoma. Cheti cha kuzaliwa cha mzee kina jina la ubatizo, cha shule kina la Zaire, pasi ina yote mawili. Baba yake alipofariki, ilibidi aape mbele ya ofisa kwamba watu hao wawili ni yeye mmoja, ndipo akapewa nyumba ya urithi.

Kijana akaandika risiti upya, kwa majina yote mawili. Mzee akavaa miwani, akaisoma herufi kwa herufi kabla ya kuikunja mfukoni.